Nimejifunza kupanga ukuta wa mawe bila tone la saruji: njooni tuongee ohinga (ngome za mawe) za Kenya, bigili (uzio wa mawe wa konde) za Unguja na kuta za Yorkshire

#1 MtotoWaShirati

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda aweke alama arudi usiku.

Mimi mzaliwa wa Rorya. Huu mwaka wa tisa niko Bradford, kaskazini mwa Uingereza, nabeba maboksi ghalani zamu ya usiku. Ukipanda basi kutoka mjini, nyumba zikishaisha tu unaanza kuona kuta za mawe. Zinapanda mlima, zinashuka bondeni, zinakata malisho vipande vipande mpaka macho yanachoka. Ndani ya hifadhi ya Yorkshire Dales peke yake zinapita kilomita 8,000. Zote hazina saruji, hazina chokaa, hazina hata udongo. Jiwe limekaa juu ya jiwe, basi. Miaka saba nilizipita kama mtu anavyopita nguzo za umeme.

Kilichonigutusha kilikuwa nyumbani. Likizo ya mwaka juzi nilivuka Sirari na binamu zangu, tukaenda mpaka Thimlich Ohinga, upande wa Kenya, kama kilomita 45 kutoka Migori mjini. Marehemu bibi alikuwa akilitaja hilo jina tukiwa watoto, nikadhani ni hadithi za kutulaza. Kumbe ni ngome kweli. Lango ni fupi, mtu mzima lazima uiname, na juu yako kuna mawe marefu yamelazwa kama lenta. Nilipotoka upande wa pili nikaweka kiganja ukutani, na kitu kikaniambia: hii kazi unaiona kila siku ukienda dukani.

Niliporudi nikajiandikisha kozi ya wikiendi. Siku mbili, wanafunzi wanane, ukuta wa mfugaji mmoja wa kondoo uliokuwa umemwagika kama mita nne. Mwalimu mzee, maneno machache, vidole kama mizizi ya muhogo.

Nilidhani tutaanza kujenga. Tulianza kubomoa. Nusu ya siku ya kwanza ni kuvua mawe na kuyapanga chini kwa makundi: ya kichwa, yanayokaa juu kabisa, yanawekwa mbali zaidi kwa sababu yatahitajika mwisho, marefu ya kufungia yanawekwa pembeni, ya uso yanafuata, yale madogo madogo ya tumboni yanawekwa marundo karibu. Halafu unaacha njia ya hatua moja kando ya msingi, usije ukajikwaa. Hesabu zake: mita moja ya ukuta wa kimo cha kifuani ina kama tani moja na nusu ya mawe, na kila jiwe unalishika mara mbili, kulivua na kulirudisha. Zidisheni wenyewe.

Nikitoka kazini nitaendelea. Kuna aibu iliyonipata jioni ya siku ya kwanza, nataka niieleze kwa utulivu.

#2 Kizibo

Umelipa hela ukabebe mawe ya mzungu?

#3 MtotoWaShirati

Nimelipa, na chakula cha mchana nimebeba cha kwangu.

#4 FundiMsingi_Mza

Mkuu, mimi ni fundi, Mwanza hapa. Sisi mawe ndiyo udongo wetu, msingi wote ni mawe. Lakini bila saruji? Nikimwambia mteja hivyo atanifukuza. Endelea, nipo.

#5 MtotoWaShirati

Haya, aibu yenyewe.

Saa nane mchana mimi nilikuwa mbele ya wote. Wenzangu wako kozi ya pili, yaani mstari wa pili wa mawe, mimi niko ya nne, na sehemu yangu inapendeza hata kupiga picha. Siri yangu ilikuwa ndogo: nilichagua mawe marefu nikayalaza ubavu, upande mrefu ukitazama nje. Jiwe moja linakula nafasi kubwa, ukuta unakimbia. Tumboni nikajaza kwa chepe, changarawe na udongo kidogo, nikashindilia kwa mguu kama tunavyofanya msingi.

Mwalimu akaja, akasimama, akaangalia kama mtu anayesoma gazeti. Hakusema kitu. Akashika jiwe moja la kozi ya pili kwa vidole viwili, akalivuta taratibu. Likatoka kama droo. Nyuma yake changarawe ikaanza kumwagika kwenye tundu, kwanza kidogo, halafu kama mahindi yanavyotoka kwenye gunia lililotoboka. Uso wangu wote wa mita moja ukapiga magoti. Ilichukua labda sekunde kumi. Wenzangu wakageuka kutazama milima.

Ndipo akaeleza. Ukuta huu si mmoja, ni kuta mbili zinazoegemeana, na katikati kuna tumbo. Kila jiwe la uso lazima mkia wake uingie ndani, upande mrefu uelekee tumboni, nje kibaki kichwa tu. Ukililaza ubavu linabaki kama kigae kilichobandikwa: halishiki kitu na halishikwi na kitu. La pili ni tumbo lenyewe. Vijiwe vya tumboni havimwagwi kwa chepe. Vinawekwa kwa mkono, kimoja kimoja, kila kozi kabla hujapanda nyingine, kila kimoja kikibanwa chini au kati ya mikia ya mawe ya uso mpaka mkia usitikisike. Viwe na kona. Changarawe ya mviringo inateleza, inashuka chini, inasukuma nyuso mbili nje kila mwaka kidogo kidogo mpaka ukuta unapata kitambi, halafu unapasuka. Udongo nao unashika maji, na baridi ya huku maji yakiganda yanavimba.

Kwa hiyo fundi mzuri na fundi mbaya huwezi kuwatofautisha kwa picha siku ya kwanza. Tofauti iko mahali ambapo hakuna atakayeona.

Nilianza upya saa tisa na nusu. Jioni nilikuwa wa mwisho.

#6 FundiMsingi_Mza

Hapo kwenye "ubavu" umenigusa, vijana wangu wote wana hiyo tabia. Wanataka sura. Swali la kwanza: jointi? Sisi tofali lazima livuke jointi ya chini.

#7 MtotoWaShirati

Sheria ni ileile mkuu. Jiwe moja likalie mawili, mawili yakaliwe na moja. Jointi ikipanda kozi tatu mfululizo, mwalimu anaichora kwa kidole na unabomoa. Ila tofali zote ni ndugu, mawe kila moja na tabia yake, hivyo unatumia macho kuliko futi.

Vipimo vipo lakini. Wanasimamisha fremu mbili za mbao zenye umbo la A, moja kila mwisho, wanafunga kamba mbili, moja kila uso. Ukuta chini una kama sentimita 70, juu kwenye mabega kama 35 hadi 40. Nyuso zote mbili zinainamia ndani. Ukishatimiza kozi zilizofika chini ya kamba, unapandisha kamba. Katikati ya kimo, juu kidogo ya goti, ndipo unaweka yale marefu, jiwe linalotoka uso huu mpaka uso wa pili, moja kila hatua moja hivi. Hayo ndiyo yanafunga kuta mbili ziwe kitu kimoja.

#8 AfisaUgani_Mama

Samahani nacheka peke yangu ofisini. Fremu ya A ndiyo kifaa chetu cha kwanza kufundisha wakulima! Fito tatu, kamba na jiwe la kuning'inia, tunatafuta mstari wa kontua kabla ya kuchimba matuta. Sikujua waashi nao wanayo, ingawa kazi ni tofauti: yetu inatafuta usawa wa ardhi, yenu inatoa umbo la ukuta.

Kwa mliopo milimani: ukuta wa mawe makavu unaoshikilia tuta la shamba una faida ambayo wa saruji hauna, nayo ni kwamba maji yanapita. Ukuta wa saruji usioachiwa matundu hugeuka bwawa. Mvua kubwa ikija udongo unalowa, unakuwa mzito, unausukuma ukuta wote kwa mpigo. Wa mawe makavu unachuruzika. Ila lazima uso uinamie mlimani, na nyuma yake kuwe na tabaka la mawe madogo kabla ya udongo. Wakulima wengi wanaruka hilo tabaka, halafu wanasema mawe hayafai.

Anayetaka kuona kazi hii ikiwa hai asome habari za Wakonso, kusini mwa Ethiopia. Matuta ya mawe juu ya matuta, na miji yao imezungushiwa kuta za mawe. UNESCO waliiandika mandhari hiyo mwaka 2011. Kule si magofu, watu wanalima mtama humo humo na ukuta ukibomoka wenyewe wanaurudisha.

#9 Kizibo

Mambo ya maana haya, naondoa utani wangu. Lakini nyoka je? Mimi nyumba ya mawe bila plasta silali karibu.

#10 MtotoWaShirati

Huku ukuta mmoja ni mtaa mzima: ndege wanatagia humo, vyura, vicheche. Mwalimu anaacha hata vitundu vya chini makusudi ili sungura apite, na tundu kubwa zaidi kondoo wapite, wanaliziba kwa jiwe bapa. Nyumbani nyoka watakuja, tusidanganyane. Usijengee ukuta huu dirishani kwa mtoto, jengea shambani, na ukibomoa usiingize mkono kabla ya fimbo.

#11 Nyar_Kadem

Mimi ni wa huku Nyatike, shule ya msingi tulikuwa tunapelekwa Thimlich kwa matembezi. Mtoa mada umesahau jambo moja kubwa. Hiyo "tumbo" unayosema umefunzwa ng'ambo, iko pale pale Ohinga. Ukuta una tabaka tatu: uso wa nje, uso wa ndani, na mawe madogo katikati ya kuzishika. Kuna mahali zinapita mita 4 kwenda juu, unene mita 1 mpaka 3, na hakuna udongo wa kubandika. Na mawe hayakuchongwa, ni ya kuokota tu, ya kila umbo. Inakadiriwa zilijengwa karne ya 16.

Jina lenyewe, thim lich, ni msitu wa kutisha, na ohinga ni ngome. Boma kubwa pale ni Kochieng, halafu kuna Kakuku, Koketch na Koluoch. Si hiyo peke yake, katika eneo la ziwa zimehesabiwa zaidi ya ohinga 500, nyingi zimemalizwa, watu wamebeba mawe wakajengea vyoo.

Angalieni pia kwamba hazina kona. Ukuta unaenda kwa kuzunguka, na mahali paliposimama peke yake pamewekewa mguu wa mawe wa kuuegemeza. Kona ndiyo mahali pa kwanza kuanguka, muulizeni fundi yeyote.

#12 FundiMsingi_Mza

Kona ni kweli kabisa. Kona inataka mawe makubwa yenye pembe, kama huna, zungusha.

#13 MtotoWaShirati

@Nyar_Kadem, sijasahau, nilikuwa nakuja huko, asante umefika kabla yangu. Hili ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Mwaka 2018 kulitokea mambo mawili. Katikati ya mwaka, kikao cha UNESCO kule Manama, Bahrain, kikaiingiza Thimlich Ohinga kwenye orodha ya urithi wa dunia. Novemba mwaka huohuo, kikao kingine, Port Louis, Mauritius, kikaingiza ufundi wa kujenga kwa mawe makavu kwenye ile orodha nyingine ya urithi usioshikika: Kroatia, Kupro, Ufaransa, Ugiriki, Italia, Slovenia, Hispania na Uswisi. Mwaka 2024 wakaongezwa Andorra, Austria, Ubelgiji, Ireland na Luxembourg.

Soma tena hapo. Sisi uliandikwa ukuta. Wao imeandikwa mikono. Ukuta ukianguka kwao wapo watu wa kuurudisha, na wapo wa kuwafundisha wa kesho. Kwetu nilimwuliza kijana mmoja pale jirani na Thimlich kama kuna mtu kijijini anayejua kupanga vile, akaniambia watu wa makumbusho huja kukarabati. Baba yake je? Baba alizungushia boma kwa ojuok, mnyaa ule. Babu yake vilevile. Sasa ni senyenge.

Huku Uingereza wana chama cha waashi wa mawe makavu tangu 1968, na mtihani wa ngazi nne, kutoka wa kuanzia hadi fundi bingwa. Unapewa kipande cha ukuta na saa, unabomoa, unajenga, mkaguzi anaingiza mkono tumboni. Sisemi tuige mtihani. Nasema mkono wa mtu ulikuwa ndani ya ule ukuta wa Kochieng, na ulijua jambo ambalo mimi nimelilipia pauni.

#14 Mzalendo_Mkavu

Kabla hamjalia machozi juu ya kuta za mzungu: zilijengwa na nani na za nani? Nilisoma kwamba ndizo zilizowafungia wakulima wao nje ya ardhi.

#15 MtotoWaShirati

Umesoma sawa. Zile zilizonyooka kama rula, zinazopanda mlima bila kujali jabali, nyingi ni za kati ya 1750 na 1850 hivi. Bunge lilipitisha sheria, kijiji baada ya kijiji, malisho ya wote yakagawanywa yakawa ya wenye hati. Mwenye ng'ombe mmoja aliyekuwa akimchunga mlimani akabaki na kamba mkononi. Na aliyekosa malisho mara nyingi ndiye aliyeajiriwa kibarua kujenga ukuta wa kumzuia. Zile zilizopinda pinda karibu na vijiji ni za zamani zaidi.

Kwa hiyo ndiyo, kuna saa nilikuwa nimeshika jiwe nikafikiria aliyelishika kwanza, na sikudhani alikuwa anapiga mluzi. Ohinga ilijengwa ili watu na ng'ombe wawe ndani. Hizi nyingi zilijengwa ili baadhi wawe nje. Upangaji wa mawe ni uleule.

#16 Mzalendo_Mkavu

Sawa. Nimekuelewa.

#17 Makunduchi_Kwetu

Assalaam alaykum. Nyinyi mnasema ohinga, sisi Kusini Unguja tuna bigili. Ardhi yetu ya maweni, jembe haliingii, ni mawe ya matumbawe juu chini. Mtu akitaka kulima huokota mawe, na kwa kuwa lazima ayaweke mahali, huyapanga kuzunguka konde. Shamba linasafika na nguruwe mwitu anazuiwa, kazi moja faida mbili. Bila chokaa. Chokaa ni ya nyumba na msikiti.

Bibi yangu alikuwa akipanga mwenyewe, kanga kiunoni. Ilikuwa ya ukuta mmoja tu, si hizo nyuso mbili za mwalimu wako. Ila jiwe la matumbawe lina miiba, linashikana lenyewe, likikaa limekaa. Mikono ndiyo inayolipa.

Sikujua kuwa ni "ufundi". Kwetu ilikuwa kazi ya kondeni.

#18 AfisaUgani_Mama

Hii comment ya Makunduchi ingekuwa juu kabisa ya uzi. Neno lipo tayari na sisi tunaandika "ukuta wa mawe makavu usio na saruji" ripoti nzima.

#19 Moran_wa_Mto

Na Engaruka mmeiacha? Iko Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mawe yamepangwa kilomita za mraba kama 20: mifereji, vitalu vya mashamba, na vijiji juu ya mteremko kwenye majukwaa ya mawe. Watu waliishi pale tangu karne ya 15 hadi ya 18 hivi, wakaondoka. Nimepita na ng'ombe mle utotoni. Ng'ombe mmoja anaangusha mawe matatu, kesho mwingine manne. Hakuna anayebomoa kwa nia mbaya, ni kwato tu.

#20 FundiMsingi_Mza

Wakuu, wiki mbili nilikuwa kimya, nilikuwa kazini. Nimejaribu. Nina mbuzi saba Ukerewe kwa mama, nikasema nijenge zizi kwa maelekezo ya uzi huu. Mawe yapo bure, saruji imepanda bei, kwa nini nisijaribu?

Ripoti: mita sita, kimo cha tumbo langu, siku nne, mimi na mdogo wangu. Siku ya kwanza alijaza kwa chepe nilipokwenda kula. Nilivuta jiwe kama mwalimu wako, likatoka kama droo. Amebomoa mwenyewe, sikumgombeza. Mama kapita, kausukuma kwa mkono, kasema "mbona hauanguki?" kama anayedai.

Nimelala pembeni na mgongo wangu, lakini tumbo la ukuta limekaa, hata kijiwe hakitikisiki.

Tatizo ni moja. Asubuhi ya tano nimetoka nje, mbuzi wote saba wako juu ya ukuta, wamejipanga kama kamati. Zizi tupu.

#21 Kizibo

😂😂😂 Ukuta umefaulu mtihani wa uzito.

#22 MtotoWaShirati

Pole na hongera kwa pamoja mkuu. Mawe ya juu umeyaweka vipi?

#23 FundiMsingi_Mza

Nimelaza mabapa, kama meza. Yamependeza sana.

#24 MtotoWaShirati

Ndiyo hapo. Umewajengea baraza. Mawe ya kichwa hayalazwi, yanasimamishwa wima, ubavu kwa ubavu kama vitabu kwenye rafu, halafu kila baada ya machache unagongea kabari katikati mpaka yabanane. Uzito wake unashikilia nyuso zote mbili, na mnyama hapati pa kukanyaga.

Kama hilo halitoshi, Waskoti wa Galloway wana ukuta wao: nusu ya chini ni ya nyuso mbili kama wako, nusu ya juu ni jiwe moja moja makubwa, yamekaa na matundu, mwanga unaonekana upande wa pili. Kondoo akiutazama anaona kama utamwangukia, haujaribu.

#25 Makunduchi_Kwetu

Hiyo nusu ya juu ndiyo bigili ya bibi yangu.

#26 FundiMsingi_Mza

Nimesimamisha mawe ya kichwa jana, kabari nimegonga mpaka yakalia. Nusu ya zizi nimeweka hiyo ya matundu ya mwanga, nipime.

Sita wamebaki ndani. Yule jike mweusi amepata tundu, ametoa kichwa upande wa pili, anakula mihogo ya jirani akiwa amesimama ndani kwake.